Kipa niliyempeleka Kikole

Jumapili, Oktoba

Basi, nimesema. Kamati ya timu niliwaambia kipa wetu Hassani kaomba mwenyewe kwenda timu ya Kikole. Uongo. Nilimtoa kwa hasira, alinibishia mazoezini mimi kocha wake, nikambadilisha kwa washambuliaji wao wawili. Sasa wanunuzi binafsi wa korosho wameingia, washambuliaji wote wawili wako mashambani kwao wanaokota korosho za kuuza, hawachezi.

Leo nimemfuata Hassani, nikamweleza yote. Kacheka mpaka kakaa chini.

"Kumbe wewe, mjomba! Nilijua kamati nzima imenichoka."

Kasema Kikole watakubali turudishiane, yeye atarudi. Ila kamati niwaambie ukweli kesho, na yeye awepo.

"Nataka nisikie wanavyokuzomea."

Nimekubali. Naiogopa hiyo kesho, lakini wali nimekula sahani mbili.