Kaseti Isiyo na Jina

3 Februari

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko kiwandani. Hujambo? Kile kikohozi cha mwaka jana kimekuacha? Sisi tu wazima, isipokuwa mama na goti lake, na goti lenyewe unalijua, lina maringo.

Nimemaliza shule na nimepata kazi kwa Fundi Redio, yule wa nyuma ya posta. Nafagia, napanga skrubu kwa ukubwa, nasafisha vichwa vya redio kaseti kwa pamba na spiriti. Wateja wakiingia najibanza nyuma ya rafu. Fundi hunicheka. "Binti, toka huko, hawa wameleta redio, hawakuja kuposa."

Sasa sikia. Kuna mtu alihama, akatuachia boksi zima la kaseti. Fundi alitaka kuzifuta aziuze tupu. Nikamwomba nizisikilize kwanza. Kaka, ni bendi ambazo hakuna anayezijua! Fundi anauita muziki huo posti-panki. Anasema wanamuziki wa panki waliingia jikoni wakavunja vyombo vyote, halafu hawa wakaja nyuma yao, wakaokota vipande na kuanza kuangalia kila kimoja kinalia vipi.

Ya kwanza inaitwa Ngazi ya Dharura. Besi inatangulia kama mtu anayejua njia, gitaa linakwaruza nyuma yake kama uma kwenye sahani. Anayeimba hajui kuimba. Anasema tu, polepole, kama anasoma orodha ya vitu alivyopoteza. Nilisimama na skrubu mkononi nikasahau ilikuwa ya nini. Nikawaza, kumbe hata mtu kama mimi ana nafasi mahali.

Nakutumia kaseti hiyo. Ahadi yetu unaikumbuka? Wewe besi, mimi sauti. Ulisema siku nitakayoweza kuimba mbele ya mtu mmoja tu, utarudi.

Mama anauliza mbona hupokei simu.

Mdogo wako,
Konokono


25 Februari

Konokono wangu,

Nimefurahi kupata barua yako, na kusikia kwamba nyumbani hamjambo. Mimi mzima wa afya. Kikohozi kilikwenda zake bila kuaga.

Hiyo Ngazi ya Dharura, mdogo wangu, umeokota dhahabu. Ile besi kweli inatangulia kama mtu anayejua njia! Na gitaa, uma kwenye sahani kabisa. Mama mwenye nyumba alikuja kunigombeza, eti redio yangu inatetemesha vikombe vyake kabatini. Nikamwambia ndiyo sanaa hiyo, mama. Hakucheka.

Hapa wameongeza mashine za kukata misumari, sasa ziko kumi na mbili. Tunaongea kwa mikono kama watu wanaofukuza nzi. Simu mwambie mama mtandao wa huku ni mbovu. Andikeni tu, barua haikatiki.

Tuma nyingine. Na uniandikie kila kilichomo, usiache hata mtu akikohoa.

Ahadi iko palepale.

Kaka yako


11 Aprili

Kaka mpendwa,

Unaendeleaje? Unakula vizuri? Mama amesema niulize hilo mara mbili, kwa hiyo: unakula vizuri?

Leo nakutumia kaseti mbili. Moja ni ya dada wawili waliojiita Saa ya Mapumziko. Kwenye jalada wameandika kwa kalamu kwamba walitoa nakala mia moja tu, na kwamba walirekodia bafuni. Hawana ngoma. Wanapiga taipureta. Mmoja anaimba, mwingine anamjibu kwa kuvuta pumzi. Mwishoni bomba linadondosha maji, nao wamelifuata bomba, wimbo mzima unakwenda kwa mwendo wa tone. Watu mia moja duniani, kaka, na sasa sisi wawili.

Ya pili haina jina wala jalada. Hiyo sitakuambia chochote. Isikilize, halafu uniambie unaionaje. Sema kweli tu, hata kama ni mbaya.

Naisubiri barua yako kwa hamu kuliko siku zote.

Mdogo wako,
Konokono


20 Mei

Konokono wangu,

Salamu kwako na kwa mama, na goti nalo lipe salamu zake. Mimi nakula vizuri. Nakula vizuri.

Nimechelewa, tuna zamu mbili. Wale dada na taipureta yao wamenimaliza. Lile tone la maji!

Lakini hiyo isiyo na jina ndiyo kiboko. Mpiga ngoma wake ana mikono minne, naapa. Na gitaa linavyoingia, ni kama ukuta mzima umesimama. Wanaume hawa wamefanya kazi. Umewatoa wapi? Tukianza bendi yetu tuwaige hao.

Kaka yako


30 Agosti

Kaka,

Natumaini u mzima. Sisi tu wazima.

Kwenye ile kaseti hakuna ngoma. Hakuna gitaa, na hakuna wanaume. Ni mimi.

Fundi alikuwa ametoka kwenda kula. Nikafunga mlango, nikabonyeza pamoja vile vitufe viwili vya kurekodi, nikaimba dakika nne peke yangu. Maneno ni yangu. Aliporudi nilimpa asikilize, nikakimbilia nyuma ya rafu. Aliacha kulehemu. Akazima feni ili asikie vizuri. Kwa hiyo niliweza, mbele ya mtu mmoja, kama ulivyosema.

Kama hukuwa na nafasi ya kusikiliza ungeniambia. Ningeelewa. Lakini umenisifia watu ambao hawapo. Miezi mitatu nimekuwa nikiiandika barua hii na kuichana.

Mama bado anapiga simu kila Jumapili. Anaiacha ilie mpaka ikatike yenyewe.

Mdogo wako


19 Septemba

Mdogo wangu,

Leo sitaanza na afya, maana afya ndiyo habari yenyewe.

Masikio yangu yamekufa. La kushoto lilikwenda mwaka jana. La kulia lilikwenda Januari, kabla ya barua yako ya kwanza. Ni zile mashine. Tulikuwa tunaziba kwa pamba, kumbe pamba ni kama kuzuia mvua kwa leso. Daktari ameniandikia kwenye karatasi kwamba kilichokufa hakioti tena, na kwamba kile kifaa cha kuvaa sikioni hakitanisaidia. Kiwandani hakuna aliyegundua. Pale wote ni viziwi kuanzia asubuhi mpaka kengele ya kutoka, nayo kengele ni taa.

Kaseti zako nilizifungulia mpaka mwisho, nikaweka kiganja juu ya spika. Nilipata kitu kama paka anayekoroma. Basi. Mengine yote niliyatoa kwenye barua zako. Nilikuwa nikizisoma taratibu, mara mbili mara tatu, na nilikuwa nikisikia. Naapa nilikuwa nikisikia.

Niliogopa ukijua utaacha kuniandikia muziki, uanze kuniandikia pole.

Hiyo isiyo na jina haikuja na maelezo. Nikabuni. Nisamehe.

Sauti yako niliyonayo kichwani ni ya mtoto wa miaka kumi na tatu, anayesoma kitabu kwa kunong'ona ili asisikike chumba cha pili. Ile ya sasa siijui. Niandikie, kama unaweza.

Gitaa langu la besi nimeligawa.

Kaka yako


2 Oktoba

Kaka yangu mpendwa,

Nimemwambia mama. Alikaa kitako sakafuni, akaniuliza, "Kumbe hakuwa ananikimbia?" Jumapili hii hakushika simu. Ameomba nimfundishe kuandika herufi zinazosomeka, anasema zake zinafanana na nyayo za kuku waliokanyaga wino.

Pole sitaandika.

Inaanza na feni, maana nilisahau kuizima. Halafu kiti kinalia. Halafu hakuna kitu kwa muda mrefu, huyo ni mimi naogopa. Halafu sauti. Ni nene, kaka, hata mimi nilishangaa. Mwisho wa kila neno ina mkwaruzo kidogo, kama ule mlango wa chumba chako, wewe ulipokuwa ukirudi umechelewa na kuufungua taratibu ili mama asijue. Naimba juu ya mtu anayepanga skrubu na kubaki na moja isiyo na tundu lake. Kwenye mstari wa tatu inapasuka. Sikuifuta. Mbali kidogo pikipiki inapita, nami nikaimba juu yake, sikuisubiri ipite.

Na kuna kitu kimoja ambacho Fundi aliniuliza. Kila baada ya mstari nanyamaza. Nahesabu mpaka nane, ndipo naendelea. Ni hivyo mpaka mwisho. Akasema, "Binti, mbona wimbo wako una mashimo?"

Nikamwambia hapo ni pa kaka, ndipo besi inapoingia.

Jana niliurekodi upya, safari hii feni imezimwa na Fundi amekaa palepale mbele yangu. Mashimo sikuyaziba. Nilihesabu mpaka nane, kila mara.

Mdogo wako,
Konokono