Kijaluba cha Mama na Mteja wa Soweto

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kuanza barua bila kukuamkia siwezi, mkono unakataa. Nina hasira na nina machozi, na sijui kipi kitangulie. Bwana Kombo wa Soweto, Mbeya, mteja aliyenitesa kuliko wateja wote, kumbe ni wewe! Loo, baba! Wiki mbili tangu tukuzike na mpaka leo sijaelewa. Labda nikiandika nitaelewa.

Unakumbuka arobaini ya mama, hapa Mlandege, Iringa. Ulisimama mbele ya ukoo mzima ukasema mtu asilie tena, na vitu vya marehemu visirundikwe ndani kama mizigo stesheni. Nguo tukagawa. Vile vya kale ukanikabidhi mimi, kwa kuwa ndiyo biashara niliyokuwa nimeianza. Kijaluba ulikiweka mkononi mwangu wewe mwenyewe, kile kikebe kidogo cha fedha mama alimoweka tambuu na karafuu zake. "Kiuze, mwanangu," ulisema. "Mimi kwangu hakina kazi." Kesho yake ukapanda basi kwenda Mbeya kuishi kwa Baba Mkubwa.

Mimi nikakuamini. Ningefanyaje? Baba akisema kiuze, mtoto anauza.

Mnada wangu wa barua uliujua, ulikuwa ukinicheka. Kila mwanzo wa mwezi napiga chapa orodha ya vitu, naipeleka posta kwa watu wangu wa Iringa, Mafinga, Mbeya mpaka Tukuyu. Kila mmoja anajibu kwa barua, anataja bei yake. Mwisho wa mwezi aliyetaja juu namwandikia kwamba kitu ni chake, atume fedha, nami natuma kifurushi. Asipotuma, kitu kinarudi kwenye orodha. Rahisi kabisa, ungedhani. Kumbe watu! Mwalimu mmoja wa Mafinga alinunua sarafu ya Mjerumani, akakaa nayo miezi mitatu, akairudisha eti ni ndogo kuliko alivyoiota. Mwingine alichukua gramafoni, wakaichezea harusi siku mbili, kisha akaniandikia kwamba haimfai. Nilikuja Mbeya kukusalimu nikakulalamikia. Ukanywa chai yako taratibu, ukasema, "Biashara haigombi, mama." Wakati huo ulikuwa umeshaanza kuwa Bwana Kombo, na uso wako mkavu!

Ulikuwa mwaka ule treni ilipoanza kufika Mbeya. Barua ya kwanza ilikuja imepigwa chapa, nadhani na mmoja wa wale wanaokaa na mashine zao nje ya posta. Mwandiko wako ningeujua hata gizani. "Bibi Muuzaji, kijaluba nakitaka mimi." Ukataja bei ambayo hakuna aliyeifikia. Nikafurahi, nikakujibu siku hiyo hiyo. Fedha haikuja. Nikakirudisha kwenye orodha, ukataja juu zaidi. Nikakujibu tena, kimya. Mara nne, baba! Watu waliokuwa na nia ya kweli wakachoka, wakajitoa.

Badala ya fedha yakaja maswali. Je, mfuniko bado unalia ukifungwa? Je, pembeni kile kibonyeo kipo? Kibonyeo! Mimi kwenye orodha sikuandika habari ya kibonyeo hata neno moja, na wala sikujiuliza Bwana Kombo kakijulia wapi. Nilijiona mjanja wa mjini, kumbe bure kabisa.

Sasa nakumbuka kilivyobonyea. Mama alikuwa amekasirika, wewe ukamtania kwamba meno yake mekundu yanatisha wageni. Akakurushia kijaluba, ukainama, kikagonga mwimo wa mlango. Ukakiokota, ukakifuta kwa kanzu, ukamrudishia kwa mikono miwili kama unampa mtawala. Tangu siku hiyo kila alipokifunga asubuhi, mfuniko ukilia *ta!*, wewe kutoka chumbani ulisema, "Haya, serikali imefungua ofisi." Na mama alikuwa anacheka kila siku, kichekesho kile kile. Nilidhani watu wazima wote wako hivyo.

Basi ukaja na lile swali jingine. "Je, kina harufu yoyote?"

Hapo nilikasirika hasa. Nikasema mteja huyu anatafuta kasoro ili ashushe bei. Nikachukua majivu na limau, nikakisugua kijaluba siku mbili, ndani na nje, mpaka vidole vikachubuka. Nikakuandikia kwa majivuno, maneno yangu ninayo hapa: "Bwana Kombo, hakina harufu yoyote. Hata mbwa akikinusa hapati kitu. Kama huna nia ya kununua, usitupotezee wakati."

Hukuandika tena.

Nilisema alhamdulillahi, nimemtimua msumbufu. Nikakiweka tena kwenye orodha. Mara hii wateja wa hapa Iringa waliokuja kukiona wakakigeuza-geuza, wakasema kimesuguliwa mno, kimekuwa kama cha dukani, cha kale wanakitaka na ukale wake. Kikabaki kwangu, kinang'aa, hakina mwenyewe.

Halafu wewe ukaondoka. Baada ya matanga Baba Mkubwa akanipa sanduku lako. Chini ya kanzu ya Idi nikakuta barua zangu. Siyo zile za "Baba, hatujambo", maana hizo ni chache, aibu yangu, nilizoea kukutumia salamu kwa mdomo kupitia abiria. Ni zile za kwenda kwa Bwana Kombo. Zote, zimefungwa kwa uzi, ya mbwa ikiwa juu. Baba Mkubwa akasema, "Hizo alikuwa anazisoma kila Ijumaa akitoka msikitini. Mimi nikadhani kapata mchumba." Watu wakacheka msibani. Mimi nikakaa chini pale pale sakafuni.

Sasa niambie, ulikuwa unataka nini? Kama ulikitaka kijaluba, si ungesema "kilete"? Ningekileta kwa miguu. Au uliona haya, umeshaamuru mbele ya ukoo mtu asilie, halafu wewe uonekane umekumbatia kikebe cha tambuu? Mficha uchi hazai, baba, si ndivyo ulivyotuambia sisi? Lakini hata hilo halinitoshi. Mbona ulikipata mara nne na hukutuma fedha? Fedha ulikuwa nayo. Wakati mwingine nasema hukukitaka, ulitaka tu kisiende kwa mtu. Kisha nageuka nasema, hapana, alikuwa anataka barua. Kwa Bwana Kombo nilijaza kurasa, nikamweleza kijaluba kilivyo, mama alivyokishika, hata wimbo aliokuwa akiimba akikifungua, ili apande bei. Wewe baba yangu sikukuandikia hayo hata siku moja. Nikifika hapo kichwa kinaniuma, naanza upya.

Lakini moja nalijua, na ndilo linaloniamsha. Uliuliza kama bado kina harufu ya mama, nami nilikuwa nayo mkononi, nikaitoa kwa majivu na limau, nikakuandikia kwa kiburi kwamba imekwisha. Nisamehe. Sikujua ni nani anayeuliza.

Nimetia karafuu mpya na tambuu. Kila asubuhi nakifungua. Kinanukia karafuu, basi. Mama hayumo. Ila nikikifunga bado kinalia, *ta!*, na juzi nilijikuta nikingoja sauti yako kutoka chumbani. Kibonyeo nacho kipo. Uliuliza, sikukujibu.

Mnada nimeufunga, baba. Hakuna aliyetaja juu zaidi yako, na fedha sidai. Leo kifurushi chake nimekishona kwa kitambaa cheupe kama posta wanavyotaka, kiko mezani, nimeandika jina lako la kweli juu yake. Chini ya jina nimeacha wazi. Sijui niandike anwani gani.

Mwanao,
Bibi Muuzaji