Chupa ya R

Filister toka kwa hiyo mkutano. Toka hata kama ni wewe unaongea.

Unakumbuka ile jipu yangu ya matako? Ile ulinikanda na maji moto huko Sindo mpaka ikapasuka? Na hapa lab wakachukua usaha, ati wajue dawa gani itaiua?

Yawa. BADO IKO.

Leo wageni wamekuja kutoka Migori. Daktari Wangwe anawaeleza kazi yetu, vile bakteria tunaziua na formalini na moto, lakini hata zikiwa zimekufa bado zinanasa antibodi za damu kama gundi. Anatoa chupa kubwa kwa friji yake. Nyeupe, nzito kama uji. Anasema, "Hii ndiyo Risper, bakteria za jipu ya matako. Hakuna inanasa kama Risper."

Kama Risper!!

Miaka mbili natingisha vichupa vimeandikwa R. Nilidhani ni "reagent", dawa ya kupimia. Filister, nilidhani ni REAGENT.

Mgeni mmoja akauliza Risper ni nani. Na mimi hapo na beji kifuani. Wote wakasoma beji, halafu wakaangalia kiti nimekalia.

Nikasimama.

Walipotoka nikamfuata Wangwe, nikamwambia hakuniuliza hata siku moja. Unajua alinijibu nini? Bila haya?

"Pole, Risper. Lakini mbegu yake hai ya kukuzia zingine ilikufa stima ikipotea, na hii chupa inaisha. Haujapata jipu ingine?"