Sura ya Kumi na Nne

3 Machi

Kitinda mimba wangu,

Hujambo, fundi wangu, huko kwenye lifti zako? Kile kikohozi kimekuacha? Mimi mzima, ila macho. Usicheke mwandiko huu mkubwa kama tangazo la ukutani. Naandika kwa kalamu nene, juu ya karatasi nimeweka kadibodi niliyoikata dirisha, mstari mmoja mmoja.

Nilikuficha tangu mwaka jana. Daktari wa macho anasema katikati ya jicho pamechakaa, yote mawili, na miwani haitasaidia. Nikimtazama mtu usoni naona doa, masikio yake ndiyo nayaona. Ile riwaya ya fundi saa imenishinda ukurasa wa 212. Miaka thelathini na moja nimesoma prufu pale kwenye kiwanda cha uchapaji, nimewasahihishia watu wazima nukta na mikato, leo kitabu changu mwenyewe kinanishinda! Nililia, sikufichi. Kisha nikaenda kupika.

Mama yako

20 Machi

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Kikohozi kimekwisha. Lakini mama, mwaka mzima? Barua nimeisomea kwenye chumba cha mashine, juu kabisa ya jengo, mwenzangu akadhani nimepata msiba. Nami naandika kwa kalamu nene, uone nilivyo mtiifu.

Nataka nije nikuchukue, ukae na mimi. Chumba kipo.

Kwa sasa, nimeitafuta riwaya hiyo hiyo, chapa ile ile, nimekusomea kwa sauti kuanzia 212. Memori kadi imo ndani ya bahasha, ichomeke kwenye redio. Ukisikia ngurumo, ni lifti inapita, haimo katika hadithi.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na Mungu akupe afya. Barua yako nimeisoma kwa lenzi, maneno manne manne, kwa pembe ya jicho. Imenichukua siku mbili na kila neno nimelila.

Kumbe una sauti! Shuleni ulikuwa unasoma kama mtu anayekimbizwa, leo unapumua kwenye nukta. Jirani yangu Bi Pindo, yule mshonaji, kanibandikia kifungo cha shati kwenye swichi ya redio, vidole vinakwenda vyenyewe.

Runinga pia sijaiacha. Nakaa karibu nayo, ubavu ubavu, na Bi Pindo ananieleza waigizaji wakiwa kimya. Shida ni kwamba yeye haoni ila nguo. Jana mtu katiliwa sumu kwenye chai, muziki unatisha, namwuliza, "Kuna nini?" Ananijibu, "Shoga, lile gauni mikono imekatwa vibaya!" Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini mwongo wa ile tamthilia nilimjua kabla yake. Akidanganya anavuta pumzi kwanza.

Hilo la kunichukua sahau. Hapa najua kila ngazi na kila kitasa.

Mama yako

2 Mei

Mama, shikamoo.

Habari za Bi Pindo nimewasimulia mafundi wote kazini, sasa kila asubuhi wananiuliza tamthilia imefika wapi. Wanasema mama yako kiboko. Nawaambia bado hamjamjua.

Kadi ya pili hii hapa, mpaka sura ya kumi na nane. Lakini bado nawaza, mama. Ukianguka peke yako je?

Mwanao

19 Mei

Mwanangu,

Natumaini u mzima, maana leo nina neno na wewe.

Sura ya kumi na nne iko wapi?

Usiniambie umeisoma. Uliyoiita ya kumi na nne ni ya kumi na tano. Nimesikia karatasi tatu zikifunuliwa kwa mpigo, na sauti yako ikakauka. Sura ya kumi na tatu, mama wa fundi saa anajimiminia chai mwenyewe. Ghafla, katika hiyo yako, mjukuu anamshika mkono kumvusha mlango. Kwa nini? Nani kamfanya nini?

Umenikatia kitabu. Mimi! Nimepoteza macho, sijapoteza akili. Leo unanichagulia kurasa, kesho utanichagulia nyumba. Sisikilizi hata neno moja zaidi mpaka sura yangu ije.

Mama yako

30 Juni

Mama yangu, shikamoo. Nisamehe.

Mwezi mzima nimeshika kalamu nikaiweka. Katika sura ile mama wa fundi saa anapofuka, anakaa kwenye kona mpaka kila mtu anamsahau. Nilipoifikia nikazifunua karatasi zote tatu. Nikasema hili mama yangu halisikii kutoka kinywani mwangu. Niliogopa, mama, basi.

Lakini nani duniani anasikia karatasi tatu? Mwenzangu nilipomweleza alivua kofia. Mtu mwenye masikio hayo namwendea kumwokoa na nini?

Nimeisoma yote, 241 mpaka 246. Mahali fulani nimesimama kidogo, si lifti hiyo, ni mimi. Sitakuja kukuchukua. Likizo ikifika nakuja kukuamkia tu, kama ukinitaka.

Mwanao

14 Julai

Kitinda mimba wangu,

Marahaba, marahaba sana. Sura imefika, nimeisikiliza, na sikufa. Mwandishi wako ana kalamu tamu ila hajapoteza macho, kwa hiyo nimemsahihisha, kurasa nikizihesabu unavyozifunua. Andika pembeni ya kitabu chako:

Uk. 243, "Giza likamfunika." Futa. Si giza, ni doa katikati. Pembeni hata paka anaonekana vizuri tu.

Uk. 245, "Akakaa konani akingojea siku zake." Futa yote. Weka: "Akamwuliza mjukuu, kile kitabu tuliishia wapi?"

Ukurasa wa 244 usiuguse. Pale mama anapoogopa kwamba atausahau uso wa mwanawe, amepatia. Ndipo na wewe uliposimama. Nimeurudia mara tatu, na sikutaka mtu mwingine yeyote anisomee.

Kwa hiyo njoo. Ila ukifika usikae mbele yangu kama mgeni, hapo nitaona doa. Kaa kushoto kidogo, upande wa dirisha, na usitikisike. Hapo nitakuona.

Mama yako