Jarel Ana Mashabiki Wengi

Jumatatu, 4 Mei

Sura mpya hutoka kila Jumatatu. Nimeisoma dukani ninakofanya kazi, nikiwa nimejificha nyuma ya majora ya vitambaa. Hetal, mke wa mtoto wa mwenye duka, alikuwa anaisoma kwenye kaunta. Tunafuata hadithi moja, ya katuni za mapenzi kwenye simu. Jarel ni tajiri asiyecheka. Sena anamshonea nguo. Leo Jarel amemfuta kazi fundi mmoja kwa sababu alimchekesha Sena.

Kikundi chetu cha wasomaji kimezozana siku nzima. Mmoja aliandika, "Jarel ni sumu." Mwingine akajibu, "Sumu tamu, nipeni kikombe." Mimi niliandika: "Mwanaume asiye na wivu hana mapenzi." Nimepata mioyo sitini na kitu. Sijawahi kukubaliwa na watu wengi hivyo.

Hetal alisoma, akaniangalia.

Jumatano, 6 Mei

Onchari, mchumba wangu, amepiga simu mara kumi na moja kabla ya chakula cha mchana. Ana duka la vifaa vya ujenzi kule Masimba. Sijui anapata wapi nafasi. Aliuliza ile sauti ya kiume ni ya nani. Mteja. Alitaka nini? Kitambaa cha sare. Rangi gani? Nikamtajia rangi.

Sikukasirika. Nilirudi kupima vitambaa.

Ijumaa, 8 Mei

Mama amepiga kutoka Nyaramba. Wazee wa kina Onchari watakuja kuposa Jumapili, tarehe 24. Majirani wameshaambiwa. Nikasema sawa.

Jumatatu, 11 Mei

Jarel amesimama kwenye mvua nje ya dirisha la Sena, kutwa nzima. Kikundi kimelia. "Mungu, nipe wa hivi." Nimeweka moyo.

Jumanne, 12 Mei

Mvua kubwa hapa Kisii. Saa tano Hetal aliniita dirishani. Ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama Onchari. Hakuwa ameniambia anakuja.

"Si huyo ni mchumba wako?"

"Ndiye."

"Mwambie aingie, analowa."

"Hataki kuingia. Anataka kuona."

"Kuona nini?"

Kwenye katuni mvua ni ya zambarau na matone yanang'aa kwenye nywele. Onchari alikuwa na tope hadi kwenye magoti. Aliondoka saa nane. Jioni alinipigia kuniambia wanaume walioingia dukani walikuwa saba.

Alhamisi, 14 Mei

Onchari anataka niache kazi kabla ya tarehe 24. Nijitoe pia kwenye kikundi. Alikuja kwenye chumba changu, akakaa kitandani na simu yangu, akasoma kila kitu. Mimi nimesimama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Alipofika kwenye maneno yangu kuhusu wivu, alitabasamu.

"Kumbe unajua," akasema.

Alipoondoka nilipakua chakula, nikakirudisha sufuriani. Wiki hii sijasikia njaa.

Jumamosi, 16 Mei

Sabato. Niko nyumbani Nyaramba. Nilitaka kuongea na Mama tulipotoka kanisani, lakini alianza kunionyesha vikombe vipya vya wageni. Nikaenda kwa Tata, baba yangu. Ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache.

Nilisema sitaki wale wageni waje.

"Amekupiga?"

"Hapana, Tata."

"Anakunywa?"

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hapana."

Kwake mambo yalikuwa yameisha.

Ndipo nikaanza kumsimulia habari za Jarel. Sijui kwa nini. Nikasema ni hadithi tu ninayosoma. Nikamwambia kuhusu fundi aliyefutwa, mvua, simu kumi na moja, wanaume saba. Nilichanganya ya Jarel na ya Onchari mpaka nikashindwa kuyatenganisha. Tata alisikiliza vile anavyosikiliza kesi za kanisa.

"Na watu wanaisoma hiyo?"

"Wengi sana."

"Wanasemaje?"

"Wanasema anampenda."

Alifikiri. "Huyo hampendi. Anamchunga kama ng'ombe aliyewahi kuibwa." Halafu akauliza, "Huyo msichana hana wazazi?"

"Anao."

Aliniangalia muda mrefu.

"Yale ya simu ni ya hadithi?"

"Hapana, Tata. Ni yangu. Na ya wanaume saba."

Aliinuka akaingia kwenye migomba. Alikaa huko hadi chai ya jioni.

Jumapili, 17 Mei

Tata amempigia baba yake Onchari huko Sironga. Wageni wasije. Hakueleza zaidi. Mama amelia, kisha akaacha kuongea nami. Onchari amepiga, sikupokea. Nilidhani ningefurahi. Wapi.

Jumatatu, 18 Mei

Jarel amemvisha Sena pete. Kikundi ni vigelegele. Nimeandika: "Mimi nisingekubali." Mmoja akajibu, "Dada, hujawahi kupendwa." Mimi nimepata mioyo miwili tu. Mmoja ni wa Hetal.

Alasiri Onchari aliingia dukani. Alisimama katikati, akasema natakiwa kutoka nje tuongee. Mama mkwe wa Hetal, mwenye duka, alikuja na futi yake shingoni.

"Unataka mita ngapi?"

"Sikuja kununua."

"Basi pisha wanaonunua."

"Mama, huyu ni mke wangu."

"Hapa ni mfanyakazi wangu. Mita ngapi?"

Wateja waligeuka kumtazama. Akatoka. Nilirudi kukata. Kitambaa kilikwenda kombo. Mwenye duka aliona, akakikunja mwenyewe, akanipa kingine.

Jumapili, 24 Mei

Niko Nyaramba. Hakuna aliyekuja. Kulikuwa na jua tangu asubuhi.

Mama alitoka na kikapu cha mboga ya chinsaga, akakiweka kati yetu. Siku saba hajanisemesha. Tulichambua majani bila kutazamana.

"Ulikuwa unamwogopa?" akauliza.

Nikasema sijui. Nadhani nilikuwa nimechoka hata kuogopa.

Alichukua tawi mkononi mwangu. "Mashina magumu tupa. Mboga itakuwa chungu."

Nikatupa. Kikapu kilipoisha aliingia jikoni kuwasha moto. Harufu ya kitunguu ilinifikia nje. Nilisikia njaa, nikashangaa.