Madume Wawili Kwenye Tenga

Ambakisye,

Ugonile? Salamu yetu huulizia usingizi, na wewe umeshalala. Basi nijijibu mwenyewe: mimi silali vizuri. Miguu imevimba, na mganga wa zahanati haniangalii tena usoni anaponieleza habari za moyo wangu. Kwa hiyo nakuandikia ningali na hasira. Sitaki kufa nikiwa nimekusamehe kwa uchovu tu.

Ulikuwa umezikwa juzijuzi mkeo aliponikaribisha chai huko kwenu Katumba Songwe. Nikamwambia wale bata ulionipa, wale wenye uso mweupe na sauti ya mluzi, bado hawajataga. Akaweka kikombe chini.

"Shemeji, watatagaje? Si madume wote wawili!"

Akacheka. Kisha akaniona uso.

Miaka yote ile, rafiki yangu! Kila Jumapili baada ya ibada nilipanda bodaboda kutoka Ipinda nije kukuuliza nakosea wapi. Ukaniambia upande mmoja wa bwawa uwe na kina kifupi. Nikachimba upya. Nipande majani marefu ukingoni, wapate faragha. Nikapanda. Nisiwape mkate, niwape pumba na majani ya majini. Wavu niufukie mpaka ndani ya udongo, kwa ajili ya kenge. Manyoya nipunguze ya bawa moja tu, maana ukipunguza ya yote mawili ndege anabaki na mizani yake, anaruka. Yote yalikuwa kweli. Hilo ndilo linaloniuma. Ungekuwa mwongo wa kila kitu ningekuchukia kwa urahisi.

Nilipolalamika ulinitania: "Mwalimu mzima, unamharakisha bata? Rudi wiki ijayo tuone."

Dume na jike wa bata hawa wamefanana, kwa macho hutambui. Ni mpaka umgeuze tumbo juu, umfunue chini ya mkia. Ulijua kufanya hivyo, na hukunionyesha. Nilimwuliza shemeji kwa nini. Akasema ulimwambia, "Nikimpa jike, Mwalimu atakuja tena kufuata nini?"

Siku ile alinipa jike, akanionyesha na namna ya kumtambua. Akataga katika majani yale yale uliyoniagiza nipande. Vifaranga waliingia majini wakifuatana, na mimi sikuwa na wa kumwita aje aone. Kwa majani hayo, ndaga, asante. Kwa mengine, hapana.

Sasa yupo Atupele, mama mwenye mabwawa ya samaki hapa Ipinda. Anataka kuanza kufuga. Kibali cha kufuga ndege hawa wa porini ameshapata. Kila Jumamosi anakuja kuniuliza, analeta ndizi, anakaa mpaka jua linapoa. Watoto wangu wako mbali, wajua. Nimemfundisha yote yako, nikaongeza langu: aanze na jozi moja, tena wasiwe ndugu wa tumbo moja. Shemeji akaleta jike wa damu nyingine kutoka bwawani kwako, aende na dume mmoja wa kwangu.

Jana jirani alinikamatia ndege. Nikawageuza mapajani, mmoja mmoja, kwa vidole hivi. Nilijua ninachofanya, Ambakisye. Jike nikamwachilia bwawani kwangu. Nikafunga tenga lenye madume wawili.

Liko hapa mlangoni ninapoandika. Wanapiga mluzi humo ndani, na mimi nimekuelewa. Kuelewa si kusamehe. Ungesema tu, "Mwalimu, njoo." Ningekuja. Hata bila bata ningekuja.

Nakuahidi hivi. Kesho Atupele akifika nitalifungua tenga mbele yake. Jirani atamkamata tena yule jike, nami nitamweka mikononi mwake, nimwonyeshe vidole vinapita wapi, asihitaji tena kumwuliza mtu. Kisha nitamwambia lile neno lililokushinda: njoo hata kama huna swali. Asiporudi, basi.

Lala salama. Nami siko mbali. Nikifika, unikaribishe bila kisingizio.

Mwalimu