Salamu Hazikatwi

Tampere, Ufini, Jumapili, mwisho wa Aprili
Mwaka wa arobaini na moja tangu niondoke Mukuyuni

Mwiitu wa mwaitu, dada yangu Mbithe,

Uvoo waku? Natumaini umeamka vyema, na goti lako limekubali kukufikisha kanisani bila kugombana nawe njiani. Je, shemeji Kioko amerudi kutoka Mwingi, au bado yuko sokoni akibishana juu ya mbuzi ambaye ameshaamua kumnunua? Nasikia mvua ilichelewa, nawe ulikuwa umekwisha kupanda ndengu katika udongo mkavu, kama mama alivyokuwa akifanya. Niandikie zimeotaje.

Mimi ni mzima. Neno hilo sikuthubutu kulitumia mwaka mzima, kwa hiyo niruhusu nilirudie: ni mzima.

Habari ya ugonjwa wangu unaijua kuliko mtu yeyote huku. Kiharusi kiliponishika, Kifini kilinitoka chote, Kiingereza kikakifuata, Kikamba kikabaki peke yake kama mwenye nyumba baada ya wageni kuondoka. Wauguzi waliniuliza, nami nikawajibu, na hakuna aliyenielewa, hata binti yangu Nduku, ambaye nilimfundisha Kiswahili tu. Ndipo akakupigia simu na kuiweka karibu na mdomo wangu, nawe ukawa mkalimani wangu ukiwa jikoni kwako.

"Shangazi, anasema nini?"

"Anasema hiyo mto iko juu sana, inamvunja shingo. Na anataka uji, si hiyo maji ya mboga mnampea. Waambie wampikie mtoto wa wenyewe uji!"

Siku hiyo hiyo uliniambia, "Rudi nyumbani, kaka. Huku hata ukiangusha maneno, kuna mtu atayaokota." Kisha ukapaka kile chumba cha nyuma rangi, ukanunua na godoro. Nilikuomba unisubiri hadi mvua hizi. Nilisema nikiona kichwa changu hakirudi, nitakuja unitunze. Kikirudi, nitakupa jibu langu mwenyewe, lisilosemwa na daktari wala na Nduku. Sikukuambia ningekipima kwa kitu gani, maana ungenicheka. Sasa nakuambia.

Tangu miaka yangu ya mwanzo huku nimekuwa na mchezo mmoja ambao sikuwahi kukueleza vizuri. Watu wanaandika programu ya kompyuta ambayo kazi yake ni kuonyesha tu: rangi zinacheza, maumbo yanazunguka, muziki unapiga. Tunaiita demo. Haikurekodiwa kama filamu. Mashine inapiga hesabu na kuchora papo hapo unapotazama. Hakuna anayelipwa. Ukiniuliza faida yake, nami nitakuuliza wale wachezaji wa ngoma wa kwetu, waliokuwa wakipinduka hewani hadi akina mama wakapiga kelele, walikuwa wakivuna nini.

Sasa, kuna demo moja ambayo vijana wa hapa waliitengeneza zamani, kwa kompyuta iliyokuwa na rangi nyingi na nguvu nyingi kwa siku zile. Mimi na rafiki yangu Pekka, niliyefanya naye kazi ya kutengeneza redio na televisheni hadi tukastaafu, tulikuwa tumeanza kuitengeneza upya kwenye kompyuta iliyoitangulia, ile ya kwanza niliyonunua huku. Kumbukumbu yote ya mashine hii haitoshi kuhifadhi hata picha moja ya simu yako. Ni kama kumwambia yule mchezaji wa ngoma apinduke vile vile, lakini ndani ya ghala la mahindi. Pekka husema mashine hiyo na meno yake ni vya umri mmoja, ila meno alibadilisha.

Tulikuwa katikati ya kazi nilipougua. Niliporuhusiwa kutoka hospitali, daktari alinionyesha kadi zenye picha, nikataja kwa Kifini, kilichokuwa kimeanza kunirudia: saa, kikombe, ngamia. Akafurahi. Mimi sikufurahi, kwa sababu nilipofungua ile programu, maandishi niliyoandika mwenyewe niliyaona kama ya mtu mgeni. Nilijua kila mstari una sababu, lakini sababu zenyewe zilikuwa zimehama.

"Usihangaike," Pekka akaniambia. "Hata kabla hujaugua hakuna aliyekuwa akiyaelewa."

Basi nikajiwekea sharti: demo hii ikisimama, kichwa changu kimesimama. Isiposimama, naja kulala kwenye godoro lako.

Tulifanya kazi kidogo kidogo kipindi chote cha baridi. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa ile ambapo vilima vinakuja kutoka mbali na kupita chini yako, kama unavyoviona ukitazama kutoka Mbumbuni asubuhi kukiwa hakuna vumbi. Katika ile demo ya kwanza vilima vilikuwa na rangi za kumwaga. Mashine yetu inaruhusu rangi mbili tu katika kila kijumba kidogo cha skrini, ikabidi tuvichore upya kwa mistari na vivuli. Siku vilipotembea bila kutetemeka, Pekka alivua kofia. Hapa nyumbani kwangu vilitembea kila nilipoviwasha.

Wakati wa Pasaka tukaenda kwenye mkutano wa watu wa mchezo huu. Wanakodi ukumbi wa shule, vijana wanalala sakafuni, na kazi zote zinaonyeshwa kwenye ukuta mmoja mkubwa. Desturi ni kwamba huonyeshi kwa mashine yako. Unatoa diski, na waandaaji wanaiendesha kwa mashine yao, ambayo wameizima na kuiwasha upya, ili asiwepo wa kudanganya.

Mchana walipoijaribu, ukuta ulijaa takataka: vipande vya herufi, madoadoa, na mlio kama wa kuku aliyekanyagwa. Msichana aliyekuwa kwenye mitambo akanigeukia kwa adabu.

"Mzee, ndivyo inavyotakiwa kuwa?"

"Hapana."

"Lakini inapendeza."

Pekka akaitoa diski na kuitia mfukoni. Nilitoka nikakaa kwenye benchi nje ya ukumbi. Mbithe, pale nilikuwa tayari nimekujibu. Nilikuwa nakuja. Nilianza hata kuwaza nani atachukua vitabu vyangu.

Lakini swali moja lilikataa kuondoka: kwa nini nyumbani iende, na hapa ikatae? Nikalifuata polepole, kama mtu anayefuata nyayo za ng'ombe aliyepotea. Nyumbani, kabla ya kuwasha demo, kwa mazoea tu, nilikuwa nafungua kwanza programu ya kuchorea. Ile programu ilikuwa inasafisha sehemu ya kumbukumbu ya mashine na kuiacha tupu. Demo yetu ilikuta mahali pamefagiwa, nasi tukadhani tumefagia wenyewe. Mashine ya ukumbini ilikuwa imewashwa sasa hivi, na mashine hizi zikiwashwa kumbukumbu zake huwa zimejaa takataka.

Niliyajua hayo nikiwa nimekaa, bila skrini wala karatasi mbele yangu. Nilijua hata mahali penyewe katika programu palipokosewa. Nikahisi kama mtu aliyekwenda shambani baada ya ukame mrefu, akasukuma udongo kwa kidole, akakuta unyevu. Sikusimama mara moja. Nilikaa nikavuta pumzi, na machozi yakanitoka, na kijana mmoja aliyekuwa akipita na soda akaniuliza kama niitiwe mtu.

"Niitie Pekka," nikamwambia. "Mwambie nimempata ng'ombe."

Ilibaki shida moja. Kusafisha kunahitaji mistari michache ya programu, nasi tulikuwa tumeijaza mashine hadi ukingoni. Ilibidi kitu kitoke. Mwishoni mwa kila demo maneno hupita chini ya skrini yakisalimu makundi mengine ya watengenezaji, na katika yetu nilikuwa nimewasalimu na watu wa nyumbani.

"Kata salamu," Pekka akasema. "Ndizo zinazokula nafasi."

"Salamu hazikatwi."

"Basi tukate nini? Kilima?"

"Tukate sisi."

Majina yetu mawili yalikuwa mwanzoni, makubwa, yamechorwa kwa mapambo. Tukayaondoa. Pekka alinuna kidogo, kisha akacheka. Jioni demo ikaenda ukutani bila jina la mwenyewe: vilima vikatembea, muziki ukapiga kwa sauti tatu tu za mashine ile, na mwishowe jina lako likapita mbele ya umati wa Wafini, pamoja na Mukuyuni. Kijana nyuma yetu akamuuliza mwenzake, "Mukuyuni ni kundi gani?" Pekka akageuka: "Ni kundi la zamani sana. Hawapendi kuonekana."

Hatukushinda, lakini nililala usingizi ambao sikuwa nimelala tangu niugue.

Sasa neno langu. Nilikuja huku kwa masomo ya miaka miwili. Siasa za siku zile zikaifunga njia ya kurudi, na ilipofunguka nilikuwa na mke, mtoto na kazi. Mke nimemzika hapa. Nduku anakaa mtaa wa pili. Kama ningekuja sasa ningekuja kama mzigo uliopakiwa na ugonjwa, na ugonjwa hauna tena haki ya kunipakia. Usione nimekidharau chumba. Mpe mwanao Mutua na mkewe, wamekaa vya kutosha kwenye ile nyumba ya kukodi. Kikamba nitaendelea kukusemesha kila Jumapili kwa simu, na nikiangusha neno, okota.

Nisalimie shemeji Kioko, mchungaji aliyeniombea bila kuniona, mama mkwe wa Mutua aliyetuma asali, na yule mwenye duka wa Mwingi anayempokea Kioko kila safari kama ndugu. Waambie wote nimepona.

Ni mimi kaka yako, Mutinda. Sitarudi kuishi nyumbani.